Je, dola iruhusiwe kuwatumia wakuu wa magenge katika kazi zake za siri?

Mtoa hoja, Dodoma mjini

Ndugu wachangiaji, ninaleta swali ambalo kwenye vijiwe vya kahawa vya Majengo hujibiwa kwa sentensi moja, kwamba wakubwa na majambazi ni kitu kimoja, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Sikubaliani na jibu hilo. Si kwamba ninaamini viongozi wote ni wasafi, bali ni kwamba jibu linalomhukumu kila mtu humpa maficho yule mwenye hatia. Ninachotaka tujadili ni jambo mahususi: je, chombo cha dola kinaweza kumtumia mkuu wa genge kwa kazi ya siri, kisha kikabaki na uwezo wa kumfikisha mahakamani? Msimamo wangu ni kwamba hakiwezi, na ushahidi wangu ninautoa kwenye mambo yaliyochunguzwa na mabunge na mahakama, si kwenye tetesi.

Nianze na Marekani, kwa kuwa nyaraka zake ziko wazi. Mwezi Agosti 1960 maofisa wa shirika la ujasusi la CIA waliamua kutafuta msaada wa Mafia, mtandao wa magenge ya wahalifu, ili kumuua Fidel Castro, kiongozi wa Cuba. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mapinduzi ya Castro ya 1959 yalikuwa yamewanyang'anya wakubwa wa Mafia biashara yao ya kamari mjini Havana, kwa hiyo walikuwa na chuki yao wenyewe, na kama mauaji yangegundulika, watu wangedhani ni kisasi cha wahalifu. Shirika lilimtumia Robert Maheu, aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, naye akampata John Roselli, mtu wa Mafia, na kwa njia ya Roselli wakaingia Sam Giancana wa Chicago na Santo Trafficante wa Florida. Dola 150,000 ziliahidiwa, vidonge vya sumu vikatengenezwa, na Castro akaendelea kuishi hadi 2016.

Kushindwa kwa njama hiyo siko kunakonisumbua. Kinachonisumbua ni tukio dogo lililotokea Las Vegas mwezi Oktoba 1960, mipango ikiwa bado inaendelea, pale Maheu alipofanya mpango wa kunasa mazungumzo katika chumba kimoja cha hoteli, na sababu mojawapo iliyotajwa baadaye ni wivu wa Giancana kwa mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye. Fundi aliyetumwa alikamatwa. Lilikuwa kosa la jinai la wazi kabisa, lakini CIA iliingilia kati na kudai kwamba kesi ingeanika mambo ya usalama wa taifa, na hakuna aliyeshtakiwa. Mwezi Mei 1962 maofisa wa shirika hilo walilazimika kumweleza habari hizo Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye wakati huo huo ndiye aliyekuwa akiongoza vita vikali dhidi ya Mafia, na Giancana alikuwa miongoni mwa waliolengwa. Tazameni hali ya mwendesha mashtaka huyo: anakusanya ushahidi dhidi ya mtu ambaye serikali ile ile inamdai siri na inadaiwa naye fadhila. Na kosa lililofunikwa halikuhusu Cuba hata kidogo. Kinga iliyotolewa kwa kazi moja ilikuwa imekwisha kuenea hadi kwenye mambo binafsi ya mhalifu.

Haya tunayajua kwa sababu kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church mwaka 1975 ilikuwa na mamlaka ya kuita mashahidi na kudai nyaraka. Giancana aliuawa kwa risasi nyumbani kwake mwezi Juni mwaka huo, kabla hajafika mbele ya kamati. Roselli alitoa ushahidi wake, na mwezi Agosti 1976 mwili wake ulikutwa ndani ya pipa la chuma katika maji ya karibu na Miami.

Mchangiaji wa kwanza, Kondoa

Ndugu mtoa hoja, nakushukuru kwa kutuepusha na umbea, lakini umechagua mfano ulioshindwa na ukauacha ule uliofanikiwa. Mwezi Februari 1942 meli ya Normandie iliteketea kwa moto katika bandari ya New York, na Jeshi la Wanamaji la Marekani likahofia hujuma za maadui. Gati zilikuwa mikononi mwa Mafia, si mikononi mwa serikali. Maofisa wa upelelezi wa jeshi wakamwendea Lucky Luciano, mkuu wa Mafia, gerezani, alikokuwa akitumikia kifungo cha miaka 30 hadi 50 tangu 1936, na kwa neno lake makuli na wavuvi wakatakiwa kushirikiana. Vita ilipokwisha, Gavana Thomas Dewey wa New York, ambaye ndiye aliyemshtaki hapo awali, alimpunguzia adhabu, na mwaka 1946 akarudishwa Italia. Nchi ilikuwa vitani, bandari ikabaki salama, na mhalifu akaondoka nchini. Wazee wetu wanasema dawa ya moto ni moto.

Hata hapa kwetu jambo hili si la kinadharia. Tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 110,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na sehemu kubwa ya maafa hayo iliikumba Ruaha na Rungwa, mapori tunayopakana nayo sisi wa kanda ya kati. Genge la pembe halitoi risiti wala haliandiki mkataba, na asiye ndani hajui mzigo unapita lini wala kwa njia ipi. Ukiikataza serikali kuzungumza na walio ndani, umeitaka ihesabu mizoga.

Mchangiaji wa pili, Singida

Nina hofu nyingine, nayo ni kwamba mjadala huu huishia kwenye nusu ya taarifa. Kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyochunguza upya mauaji ya Rais John Kennedy ilisema mwaka 1979 kwamba huenda aliuawa kutokana na njama. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu na kusema Mafia ndio waliomuua. Kamati hiyo hiyo iliandika kwamba, kwa ushahidi uliokuwepo, haikuamini kuwa Mafia kama kundi walihusika, ingawa haikuondoa uwezekano wa wanachama mmoja mmoja. Vivyo hivyo Giulio Andreotti, aliyeongoza serikali ya Italia mara saba: mahakama ya rufani ya Palermo mwaka 2003 iliona kwamba alikuwa na ushirikiano na Mafia hadi 1980, lakini muda wa kumwadhibu ulikuwa umepita kisheria, na kwa tuhuma za miaka ya baada ya hapo ikamwondolea hatia. Nani kati yetu ana subira ya kubeba hukumu ya namna hiyo bila kuikata kipande kimoja?

Mtoa hoja

Ndugu yangu wa Singida amesema kweli, nami ninaupokea ukali wake. Ninaongeza tu kwamba subira hiyo haiwezekani pasipo mtu mwenye mamlaka ya kuuliza. Nchini Uturuki, tarehe 3 Novemba 1996, gari la kifahari liligonga lori karibu na mji wa Susurluk. Ndani yake alikutwa Abdullah Çatlı, muuaji aliyekuwa akitafutwa na polisi, akiwa amekufa pamoja na ofisa wa juu wa polisi, na mbunge wa chama kilichokuwa serikalini akiwa amejeruhiwa. Çatlı alikuwa na hati rasmi za serikali zenye jina bandia. Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu, na mwezi Februari 1997 wananchi walikuwa wakizima taa za nyumba zao kwa dakika moja kila usiku wakidai ukweli. Miaka yote waliyokuwa wakinong'ona hawakuwa na ushahidi, na bila lori lile huenda wangeitwa wazushi hadi leo.

Kwa mchangiaji wa Kondoa, mfano wa Luciano hauna nguvu kama unavyoonekana. Moto wa Normandie ulitokana na cheche za mafundi waliokuwa wakichomelea vyuma, si hujuma, kwa hiyo kilichofunga mapatano yale ni hofu. Gavana Dewey alipotaka jambo hilo lichunguzwe mwaka 1954, taarifa iliandikwa kisha ikafichwa kwa miaka mingi, kwa kuwa jeshi halikutaka aibu yake ijulikane. Mwananchi wa New York alilipa gharama ya mapatano ambayo hakuruhusiwa hata kuyasoma.

Kuhusu tembo, kaka yangu, hapo tumekaribiana kuliko unavyodhani, kwa maana mimi sipingi mtoa taarifa. Kijana aliyebebeshwa pembe akaamua kusema anastahili ulinzi, na tangu 2015 tunayo sheria ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi. Mkuu wa genge ni mtu mwingine kabisa, kwa sababu yeye hauzi taarifa bali ananunua usalama wa biashara yake. Mwaka 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mfanyabiashara raia wa China aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, na miongoni mwa makosa yake lilikuwemo la kuongoza genge la uhalifu. Angelikuwa na fadhila anayodai kwenye ofisi yoyote ya siri, hukumu ile isingesomwa.

Tena, wakazi wa mji huu tunakumbuka Desemba 2013, kamati ya Bunge iliposoma hapa Dodoma taarifa ya mateso na vifo vilivyotokea katika Operesheni Tokomeza, ile ya kuwasaka majangili, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao jioni ile. Operesheni hiyo ilikuwa ya hadharani, ya askari wenye sare, na bado ukweli ulihitaji wabunge waende vijijini kuwahoji wafugaji. Sasa chukua operesheni ya siri, umkabidhi mkuu wa genge, halafu unieleze, mchangiaji wa Kondoa: ruhusa hiyo itatiwa saini na nani, na mwanakijiji wa Manyoni akidhulumiwa na mtu huyo, atapeleka malalamiko yake kituo gani?