Daftari, laini ya M-Pesa au jedwali la Excel: mnafuatiliaje gharama za farasi wa mashindano?

Nyakio_Karen
Wanajamvi, hamjambo? Nina farasi mmoja anayepandwa na binti yangu wa miaka 13. Tunamweka kwenye zizi la kulipia hapa Karen, na tangu mwaka jana anaruka viunzi karibu kila mwezi. Ada ya zizi naijua, haibadiliki. Yanayonichanganya ni mengine: fundi wa kwato, dawa ya minyoo, lori la kwenda mashindanoni Jamhuri, lijamu mpya (kile chuma cha mdomoni), ada za kuingia uwanjani. Nimetumia daftari, nikaliacha. Nimetegemea taarifa ya M-Pesa, lakini inanionyesha nimemlipa nani, hainiambii kwa nini. Sasa mume wangu anataka Excel. Nyinyi mmedumu na ipi? Sitaki kufika mahali nimwambie mtoto tuuze farasi kwa sababu tu mimi sikujua hesabu.

Hesabu_Langata
Dada Nyakio, mimi niko na jedwali la Google Sheets mwaka wa nne sasa, na sababu kubwa ni safu moja tu: safu ya tukio. Kila shilingi inayotoka naiandikia ni ya kumtunza farasi nyumbani au ni ya shindano fulani. Ukichanganya hayo mawili huwezi kuamua lolote, kwa sababu farasi atakula hata usipoenda mashindano.

Nilipojumlisha msimu wa kwanza niliduwaa. Miaka yote nilikuwa nalalamikia ada za kuingia, kumbe kilichonimaliza ni lori. Lori linakutoza ileile, mtoto aingie uwanjani mara moja au mara tatu. Tangu hapo tunakodi lori pamoja na jirani mwenye farasi wawili, na tunaenda mashindano machache zaidi lakini mtoto anaingia mara nyingi kila tunapokwenda. Binti yangu hakupoteza chochote.

Jambo la pili: usipange kwa mwezi vitu ambavyo haviji kwa mwezi. Fundi wa kwato huja kila wiki 6, kwa hiyo kwa mwaka ni mara 8 au 9. Wangu anachukua KSh 6,000. Mara 9 ni 54,000, gawa kwa 12, unaweka kando 4,500 kila mwezi. Fanya hivyo kwa chanjo, meno na uanachama wa Horse Society of Kenya pia.

Saisi_Ngong
Mama Nyakio, shikamoo. Mimi ni saisi, mtunza farasi, nimefanya kazi hii miaka 22. Jedwali la dada hapo juu ni zuri, lakini liko kwenye simu yake, na farasi yuko zizini. Anayeona gunia limebaki robo ni saisi. Anayeona kiatu kimelegea ni saisi. Mnunulie daftari la kurasa nene, mlifunge kwa kamba kwenye mlango wa stoo ya chakula, na kalamu iwe hapohapo. Tarehe, kilichoingia, kilichotumika. Wewe Jumapili unalipiga picha.

Kisha nunueni mizani ya kuning'iniza, ya kupimia chakula. Watu wengi wanalisha kwa kukadiria na wananunua kwa kukadiria. Uzito wa farasi unapatikana kwa utepe wa fundi cherehani: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, ugawe kwa 11,880. Mzunguko ukiwa 180 na urefu 165, farasi ana kilo 450. Nyasi kavu anahitaji karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 9. Kwa mwezi ni kilo 270. Robota likiwa la kilo 15, hayo ni marobota 18. Lakini pima robota kabla ya kulipa, maana mengine yamefungwa kilegelege na hayafiki hata 12.

Hesabu_Langata
Mzee, nakubali. Na niongeze hapo kwenye nyasi: mwaka jana nyasi kavu za boma rhodes nilinunua KSh 280 kwa robota baada ya mvua ndefu, Februari nikalipa 420. Kwa marobota 18 tofauti ni 2,520 kwa mwezi, kwa farasi mmoja. Kama zizi lenu linaruhusu na stoo haivuji, nunueni ya miezi kadhaa wakati wa mavuno. Nyasi zikishika ukungu usimpe farasi, zitamharibu kifua.

Otis_Ngara
Mimi bado natetea M-Pesa, ila laini iwe ya farasi peke yake. Mwanzo wa mwezi naweka pesa zote za farasi humo, na hakuna kingine kinacholipwa kwa laini hiyo. Salio ndilo linaloniambia kama tunaweza kwenda shindano la mwisho wa mwezi. Tatizo alilosema Nyakio ni la kweli, kwa hiyo ujumbe wa malipo ukiingia tu, namtumia saisi kwenye WhatsApp na maneno mawili: "dawa kupe", "viatu mbele". Nikisubiri jioni nasahau. Gharama za kutuma na kutoa nazo ziandikwe. Ni ndogo moja moja lakini zinarudi kila wiki.

Wambui_Jamhuri
Hamjagusa lililoniumiza mimi. Farasi wangu alishikwa na msokoto wa tumbo saa nane usiku. Daktari alikuja, alimwokoa, Mungu ambariki. Lakini bili ile niliilipa kwa pesa za karo. Hakuna daftari wala jedwali lingenisaidia, kwa sababu sikuwa nimetenga kitu. Sasa nina akiba kwenye sacco ambayo ni ya ugonjwa tu, na haiguswi kwa tandiko wala shindano. Na chanjo ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi haipunguzwi hata mwezi ukiwa mgumu. Mvua zikinyesha usubi huzaana, hapo huna tena muda wa kutafuta pesa.

Nyakio_Karen
Asanteni sana, jamani. Wambui, pole kwa usiku ule. Nimezungumza na saisi wetu leo, amefurahia wazo la daftari mlangoni kuliko nilivyotarajia. Amesema hakuna aliyewahi kumwuliza kuhusu chakula. Kwa hiyo: daftari zizini, laini mpya ya simu kesho, na jedwali la mume wangu litajazwa Jumapili kutoka kwa hayo mawili, lenye safu ya tukio. Shindano la mwezi huu tunaliacha ili tuanze akiba ya ugonjwa. Binti amelia kidogo, halafu akaomba yeye ndiye awe anapima marobota. Mzee Saisi, utepe nipime asubuhi au jioni?

Saisi_Ngong
Asubuhi kabla hajala, asimame sawasawa kwenye sakafu, na iwe saa ileile kila mwezi. Mwache mtoto apime, wewe uandike.