Naomba ushauri: siku ya 17 ya kujipenda na hali ndiyo inazidi kuwa mbaya

Pumzi Moja (mleta uzi), saa 4:12 usiku

Habari za usiku wanajukwaa. Nisiwachoshe, niende kwenye mada.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, kazi yangu ya ofisini, sijaolewa, pombe sinywi, sigara sivuti. Kwa miezi kadhaa nina msongo ambao siuelewi. Moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu. Nasaga meno usingizini, asubuhi taya zinauma. Juzi nimemfokea kijana wa watu ofisini kosa lake kuniuliza kama nimeamka salama.

Nikaanza mpango wa siku 21 wa kujipenda. Saa 11 kasoro robo alfajiri niko macho. Nakimbia dakika 40, naoga maji ya baridi, nasimama mbele ya kioo najiambia "nakupenda, unatosha" mara kumi, kisha naandika kwenye daftari mambo matatu ya kushukuru. Simu siigusi mpaka saa moja.

Leo ni siku ya 17. Jana nimelia mbele ya kioo kwenye ile mara ya nne, kumi sikufika. Swali langu ni moja tu: niongeze nini kwenye ratiba? Kuna anayesema tafakuri, kuna anayesema nianze saa 10. Wenye uzoefu karibuni, wenye kejeli pitieni nyuzi nyingine.

Sina Presha

Nimeweka kambi hapa. Wataalamu waje.

Mzee wa Kona

Binti, hiyo ni ratiba ya kujipenda au ya depo ya jeshi?

Mimi baada ya kustaafu daktari aliniambia nitembee kila jioni. Nikasema nitembee na mke wangu, tujenge na ndoa humo humo. Tuligombana wiki tatu mfululizo, barabara nzima wanatujua. Sasa natembea peke yangu na presha imeshuka. Mpaka leo sijajua dawa ilikuwa miguu au ukimya.

Bi Hatua

Nani aliwaambia siku 21? Hiyo hesabu ilianzia kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 kuzoea sura mpya. Kuzoea pua, jamani, si kujenga tabia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipofuatilia watu 96 wanaojaribu kujijengea tabia, matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha wastani wa siku 66, na kwa watu tofauti ilikuwa kuanzia 18 hadi 254. Kwa hiyo siku ya 17 hakuna ulichoshindwa.

Na usiongeze kitu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wewe 40 mara 7 ni 280. Unataka medali?

Afya Tele Leo

Dada nina programu ya siku 40 imesaidia wengi sana. Njoo inbox.

Chuma Chakavu

Kabla ya yote, kahawa unakunywa ngapi? Nauliza kwa sababu mimi nilipimwa moyo mara mbili, mashine inasema mzima, kumbe navuta vikombe saba kwa siku. Nilipopunguza, moyo ukatulia wenyewe.

Pumzi Moja

Vinne. Cha mwisho saa 12 jioni.

Bi Hatua asante kwa hesabu, ila mwalimu wa mpango alisema 21 na mimi nataka kumaliza nilichoanza.

Chuma Chakavu

Saa 12 jioni?! Kafeini ikipita saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini. Saa 5 usiku kichwani kwako bado kuna nusu kikombe. Huo si msongo dada, hiyo ni kahawa.

Pumzi Moja

Cha jioni siwezi kuacha. Vingine naweza.

Nesi wa Zamu

Kwa nini huwezi? Na unalala saa ngapi mpaka saa ngapi?

Pumzi Moja

Nalala kawaida tu. Turudi kwenye ratiba, tafakuri ikae asubuhi au usiku?

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, kawaida si saa. Nimefanya zamu za usiku miaka 14. Anayekunywa kahawa saa 12 jioni na kusema hawezi kuiacha, huyo anajiandaa kukesha. Unakesha na nini?

Sina Presha

Nesi kashika pembe. Nasogeza kiti.

Pumzi Moja

Sawa. Sikutaka kuliweka kwa sababu najua uzi utaacha ratiba na kumhusu mama.

Naishi na mama. Ana miaka 71, ana demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mwaka wa tatu huu. Mchana kuna msaidizi, saa 12 jioni anaondoka. Usiku ni mimi na yeye. Anaamka saa 6, saa 8, saa 9. Anatafuta watoto wake, anasema shule imefungwa na hakuna aliyekwenda kuwachukua. Mmoja wa hao watoto ni mimi niliyesimama mbele yake. Nikijumlisha vipande vyote nalala saa tatu na nusu. Ndugu zangu watatu wananiandikia "pole sana, Mungu atakulipa".

Na kabla hamjaniambia nikae nao chini: nimeshaamua. Nimelipia chumba miezi sita. Godoro nimepeleka Jumamosi. Mwisho wa mwezi nahama, ujumbe wa kundi la familia nimeuandika, bado kuutuma tu. Nimebeba miaka mitatu, na wao wabebe. Kujipenda si ndiyo huko? Hata mwalimu alisema mtungi mkavu hauchotwi maji. Kwa hiyo sikuja kuuliza nihame au nisihame. Nimeuliza ratiba.

Kalamu Kavu

Nilijua tu. Haya mambo ya kujipenda yamekuja kuwaharibu watoto wa watu. Mama alikubeba miezi tisa, hakukuambia anaweka mipaka. Alikesha na wewe ukiwa na homa, hakulipia chumba. Mzazi hatupwi. Laana ipo.

Jirani Mwema

Kalamu, naomba nikuulize kwa heshima. Umewahi kumbadilisha mzazi shuka saa nane usiku huku anakupiga kwa kuwa hakujui?

Kalamu Kavu

Mama yangu aliugua miaka miwili nyumbani kwangu. Hakuna siku nililalamika.

Jirani Mwema

Nimeuliza shuka.

Kalamu Kavu

Mke wangu ndiye aliyekuwa anashughulika na mambo hayo.

Jirani Mwema

Ahaa.

Bi Hatua

Kwa taarifa tu, Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 hivi ya saa za kuwahudumia watu wenye demensia zinabebwa na wanawake. Shemeji yetu mmoja tumeshampata humu.

Mzee wa Kona

Mpelekeeni shemeji salamu. Mama yangu mimi alimaliza na ugonjwa huo huo. Mwishoni alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, nikawa naitika. Dada yangu alikuwa anamsahihisha kila mara, "si yeye mama, huyu ni mwanao", na kila mara mama analia upya. Mimi nikaona kuitika ni rahisi zaidi. Hili sikulipanga kuliandika, endeleeni.

Sina Presha

Wakuu samahani, mimi nimenusa chai.

Fuatilieni. Mama anaamka saa 6, 8 na 9. Msaidizi anaondoka saa 12 jioni. Usiku ni "mimi na yeye". Sasa saa 11 kasoro robo alfajiri mleta uzi yuko barabarani dakika 40. Mama yuko na nani? Bandiko la kwanza na hili la pili haviwezi kukaa nyumba moja. Halafu ile "mmoja wa hao watoto ni mimi niliyesimama mbele yake", sentensi ile imepigwa pasi. Watu wenye matatizo hawaandiki hivyo.

Chuma Chakavu

Duh. Kweli. Nami nimeshatoa darasa la kahawa bure.

Kalamu Kavu

Ndiyo maana nilisema haya mambo ya kujipenda ni maigizo.

Mzee wa Kona

Ikiwa ni chai basi mimi nimemfukua mama yangu kwa sababu ya chai. Mleta uzi, jibu.

Sina Presha

Dakika 20 kimya. Kaenda kutunga sehemu ya tatu.

Jirani Mwema

Au mama ameamka. Saa 6 imepita.

Pumzi Moja, saa 7:03 usiku

Mama alikuwa ameamka. Nimerudi, nimesoma yote.

Namfungia. Nafunga mlango kwa nje naondoka na ufunguo. Saa ile ndiyo huwa amelala usingizi mzito, ndiyo maana niliichagua. Na dakika 40 zote sikimbii kila siku. Kuna siku nakaa kwenye ngazi nje, viatu vya mazoezi miguuni, ufunguo mkononi, nasikiliza hakuna anayeniita.

Alhamisi nilifungua nikamkuta amesimama nyuma ya mlango. Sijui alisimama kwa muda gani. Akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye ufunguo?" Siku hiyo hiyo nikalipia chumba.

Sina Presha, sijui watu wenye matatizo wanaandikaje. Nina daftari la shukrani, labda ndilo lililonifundisha.

Sina Presha

Kauli ya chai nafuta. Ila swali langu lilikuwa halali.

Nesi wa Zamu

Lilikuwa halali, na limefanya kazi yake. Sasa tuongee.

Kumfungia, kesho usirudie. Sikulaumu. Moto ukiwaka, au akianguka, wewe na ufunguo mko mtaa wa pili. Weka kengele ndogo mlangoni, ikilia unajua ametoka kitandani. Hilo la kwanza.

La pili nijibu: huku kuamka mara tatu kumeanza lini?

Pumzi Moja

Wiki tatu hivi. Zamani ilikuwa mara moja, tena akilala harudi kuamka.

Nesi wa Zamu

Basi wiki hii apelekwe apimwe mkojo, na waangalie dawa zote anazotumia. Demensia huenda polepole. Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku au wiki, mara nyingi kuna kitu kingine juu yake: maambukizi ya njia ya mkojo, maumivu asiyoweza kuyasema, choo kigumu, dawa mpya. Kwa wazee maambukizi yanaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa hata kabla ya homa. Nimewaona wengi wanaletwa wameambiwa "ugonjwa umepanda", wakatibiwa, wakarudi walipokuwa.

Na hiyo ratiba yako: saa 11 alfajiri mama akiwa amelala fofofo, wewe unakwenda kukimbia! Lala. Huo ndio usingizi pekee ulio nao na unaukimbia kwa miguu. Msaidizi akifika ndipo utoke. Kioo kipumzike, hakuna mtu anayelala saa tatu na nusu akajitazama akajipenda.

Pumzi Moja

Mkojo nitampeleka. Kengele sawa. Lakini kuhama nahama, msinizungushe. Hamjui ilivyo.

Mzee wa Kona

Hakuna anayekuzuia chumba, binti. Tena usikirudishe. Kalale humo. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi aje mmoja wa hao watatu alale kwa mama, wewe uende kwenye godoro lako ufunge simu. Ule ujumbe wa mwisho wa mwezi weka pembeni, ni mrefu, najua ni mrefu. Andika mstari mmoja: "Ijumaa nani analala kwa mama?" Usieleze, usiombe radhi. Maelezo ndiyo yanayojibiwa "pole sana". Siku inajibiwa kwa jina.

Pumzi Moja

Hawatakuja.

Mzee wa Kona

Umewahi kuwauliza siku?

Pumzi Moja

Nimewaambia nimechoka. Mara nyingi.

Na si hilo tu. Nikilala kule usiku wa kwanza, nikalala kweli mpaka kukakucha, sina hakika kama nitarudi. Hilo ndilo naliogopa. Kuhama mara moja ni rahisi, mtu unaondoka na kosa lako moja. Hii ya kwenda na kurudi nitalazimika kuchagua kila Jumapili.

Jirani Mwema

Nimesoma mara mbili. Sina cha kuongeza.

Kalamu Kavu

Mimi bado nasema mama ni mama.

Bi Hatua

Kalamu, kamsaidie shemeji vyombo.

Afya Tele Leo

Dada kwa tatizo la usingizi la mzee pia nina kitu cha asili kabisa. Njoo inbox.

Nesi wa Zamu

Usimpe mama kitu chochote cha inbox. Msimamizi wa jukwaa, huyu muondoe.

Pumzi Moja, saa 8:21 usiku

Nimetuma ule mstari mmoja. Watatu wote wameuona. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Sasa hivi inaonyesha anaandika.

Mama ameamka, anauliza watoto. Nimemwambia wote wamerudi, wamekula, wamelala. Kanitazama kidogo akasema, "Basi na wewe kalale."

Sina Presha

Kaka kajibu nini?

Chuma Chakavu

Mwacheni alale, mrejesho Ijumaa. Ila dada, kile kikombe cha saa 12 jioni hukukijibu.