Jenereta au boksi la betri? Naombeni ushauri wa haraka

Mpangaji Mpole: Wakuu salaam. Nipo Kimara, nyumba ya kupanga. Huku umeme ukikatika jioni unaweza kurudi alfajiri. Nina kama laki sita. Kuna jamaa ananiuzia jenereta dogo la petroli, wengine wanasema nichukue yale maboksi ya betri yenye inveta ndani, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, unachaji ukutani umeme ukiwepo. Matumizi ya kawaida tu: taa, TV, feni na kitu kingine kidogo. Lipi bora?

Kobe Hakimbizwi: Umeme gani unakatika na Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115? Mashine tisa pale, wewe unatafuta jenereta!

Fundi Nyaya: Kobe, maji kujaa Rufiji hayakusaidii kama transfoma ya mtaa imeelemewa au mti umelalia waya. Mleta mada, hicho "kitu kingine kidogo" ndicho kinachoamua. Taa za LED, TV na feni kwa pamoja hazitishi. Friji likishatulia linakula wati mia na ushee, ila kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo, inveta ndogo inazima. Pasi ndiyo usiseme. Kitaje.

Mpangaji Mpole: Si friji wala pasi. Ni kifaa cha joto kiasi tu. Halafu jenereta nimeshatanguliza laki mbili, na jamaa ni mtu wa kwetu, siwezi kumgeuka. Nilitaka kujua linakunywa mafuta kiasi gani.

Mama Kubwa: Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta wa kukupigia makofi. Jirani yetu alikuwa nalo, analiwasha koridoni saa tano usiku, moshi wote dirishani kwangu. Siku moja baba watoto akatoka na msuli wake kwenda kumgongea, mtaa mzima ukaamka. Mpaka leo hatusalimiani, na mkewe ndiye mweka hazina wa kikoba chetu. Nikipeleka marejesho anahesabu mara tatu.

Fundi Nyaya: Haya, mafuta. Jenereta la kVA 2 likibeba nusu ya mzigo wake, lita moja haifikishi saa mbili. Bei nayo EWURA hutangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo bajeti haitulii. Ukiliacha muda mrefu, petroli inaganda kwenye kabureta. Na moshi wake una ile gesi isiyo na harufu, sawa na ya jiko la mkaa chumbani, inaua watu usingizini. Liwe nje, mbali na madirisha. Usije ukatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili ukachomeka ukutani! Umeme unarudi hadi nguzoni, transfoma inaupandisha, anakufa fundi anayejua laini imezimwa. Weka swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa nguzo na wa jenereta.

Betri ya kilowati-saa 1, ukitoa kinachopotelea kwenye inveta, inakuachia kama wati-saa 850. Kifaa cha wati 200 kitakwenda saa nne na kidogo. Chukua ya lithiamu fosfeti, inachajiwa maelfu ya mara. Ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua. Sasa, KIFAA GANI?

Mpangaji Mpole: Mashine ya kutotolesha mayai. Nyuma imeandikwa wati 200. Ipo chumba cha watoto. Mwenye nyumba hataki mifugo, na anaweza kuwa humu, ndiyo maana sikutaja. Lakini yai si mfugo.

Kobe Hakimbizwi: Hahahaha! Unanunua jenereta lingurume ili usijulikane una kuku!

Sheikh Mstaafu: Kijana, mkataba ni ahadi. Kamwambie mwenye nyumba, akikataa uhame kwa heshima.

Mfugaji Chalinze: Turudi kwenye mayai. Heta ya hiyo mashine inawaka na kuzima, kwa hiyo betri itakaa zaidi ya hesabu ya fundi. Mayai ya wiki ya kwanza yanavumilia, hata kuku mwenyewe huinuka akaenda kula. Funika mashine blanketi, usifungue fungue. Ya siku za mwisho ni kinyume: kifaranga anatoa joto lake na anataka hewa, feni ikizima fungua matundu. Yako yana muda gani?

Mpangaji Mpole: Niliyaweka Jumapili iliyopita. Na jana usiku kwenye giza niliwasikia wanalia ndani ya mayai, roho ikaniuma.

Mfugaji Chalinze: Ngoja. Yai huanguliwa siku ya 21. Kifaranga humsikii mpaka siku ya 19 au 20. Wa Jumapili iliyopita wanaliaje?

Mama Kubwa: Nilijua! Huyu ni muuzaji wa majenereta, kesho anatuwekea picha na namba ya simu.

Kobe Hakimbizwi: Modi, peleka uzi huu kwenye matangazo madogo.

Mpangaji Mpole: Jamani, hata aina ya jenereta sijataja, nauza nini? Mashine ina trei mbili. Ya juu ni ya mwezi uliopita, ya chini ndiyo ya Jumapili.

Mfugaji Chalinze: Trei mbili za rika tofauti, mashine moja! Siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi na yanataka unyevunyevu zaidi. Yako yanageuzwa yote kwa pamoja. Hamishia ya juu leo kwenye boksi lenye balbu ya kizamani, ya LED haina joto, na bakuli la maji.

Fundi Nyaya: Laki mbili idai. Betri ya nusu kilowati-saa, ukizima TV, inakuvusha saa kadhaa.

Mpangaji Mpole: Hairudi, ameshanunulia mabati. Nachukua jenereta, litakaa nje nyuma ya choo.

Mama Kubwa: Majirani zake, poleni.

Dogo Mbezi: Samahani, sijasoma yote. Vifaranga ni chotara? Nahitaji hamsini.

Mpangaji Mpole: Chotara. Njoo inboksi, usitaje mtaa hapa.