Hivi Askofu Steere ndiye aliyekiandika Kiswahili? Mie nakataa, tujadili

MTOTO WA KAE:
Assalaam alaykum jamani. Jumamosi nilimpeleka mtoto wa dada yangu Mkunazini, mjini Unguja, kuliona kanisa la Anglikana, ana miaka 11. Tukasimama nyuma ya wageni, mtembezaji wao anawaonyesha kaburi la Askofu Edward Steere nyuma ya madhabahu, akawaambia huyu ndiye aliyekiandika Kiswahili, kabla yake kilikuwa cha mdomoni tu. Mtoto akanivuta kanzu: "Mjomba, sasa yule bibi wa kasha alikuwa akisoma nini?"

Bibi wa kasha ni bibi yangu mzaa mama, Allah amrehemu, wa Makunduchi. Kashani mwake mlikuwa na barua za kaka yake aliyehamia Tanga na hesabu za nazi, nani kachukua ngapi, nani kalipa, karatasi zimekunjwa mpaka zinakatika kwenye mikunjo. Kiswahili kitupu, kwa hati za Kiarabu. Anavaa miwani yake iliyofungwa uzi, kidole chini ya mstari, anasoma kama anazungumza na mtu. Wakaja watu wa elimu ya watu wazima wakampa karatasi ya a e i o u, akaitazama tu, wakaandika hajui kusoma. Mtu aliyekuwa akiwasomea barua nusu ya mtaa!

Sasa mie simkatai Steere. Alikuja hapa 1864 na misheni ya Kianglikana, pamoja na Askofu Tozer, 1870 akatoa kitabu cha sarufi na kingine cha hadithi, 1874 akawa askofu, 1882 akafa hapahapa Unguja. Mtu aliyesomea sheria Uingereza akaja kukaa kitako kuandika hadithi za watu, hiyo ni kazi, tena kubwa. Lakini zile hadithi alisimuliwa na Waunguja, walikaa naye, yeye anaandika, akikosea wanamsahihisha, na mwenyewe kwenye dibaji kawataja baadhi yao kwa majina. Yeye kawataja, sie ndio tumewafuta! Na tenzi zilikuwa zikiandikwa kisiwa cha Pate, huko Lamu, kwa hati hizohizo za Kiarabu tangu miaka ya 1700, sasa cha mdomoni tu ni kipi?

BINTI MBWENI:
Kaka yangu, nimekusoma mpaka mwisho na kasha la bibi yako limenigusa, lakini nyie mlikuwa na kasha. Sie wazee wetu walishushwa kwenye jahazi la watumwa hawana hata jina, wengine watoto hawajui kwao ni wapi. Hao wanafunzi wa mwanzo wa misheni walikuwa wavulana watano waliotolewa na Sultan Majid, 1864 hiyohiyo, mmoja wao ndiye John Swedi aliyekuja kuwa shemasi 1879. Soko la watumwa limefungwa Juni 1873, mwaka huohuo kanisa hilo la Mkunazini likaanza kujengwa palepale. Shamba la misheni kule Mbweni ndiko walikowekwa wazee wetu, wakapewa pa kulala, wakasomeshwa. Hizo hati za Kiarabu zilikuwa za aliyepelekwa chuoni kusoma Qur'ani, mtumwa wa shamba la karafuu nani alikuwa na haja ya kumfundisha? Kwetu sie herufi ya kwanza kuandikwa ni hiyo a e i o u unayoilaumu.

MPEMBA WA WETE:
Mie naongeza dogo tu. Hata hicho Kiswahili alichokiandika ni cha mjini Unguja, na 1928 kwenye mkutano wa lugha kule Mombasa wakakipitisha hichohicho kiwe sanifu, ndo mpaka leo mtoto wa Pemba akisema kama mama yake mwalimu anamkata maksi.

MTOTO WA KAE:
Dada, hapo kwenye chuo umenishika na sina pa kutokea. Bibi yangu kafundishwa kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, na mie nimeandika kama vile kila mtu alikuwa na baba kama huyo. Nimekubali. Na nikubali jengine, zile hati zilikuwa na tabu yake, mara nyingi e na i zinaandikwa namna moja, o na u vilevile, bibi mwenyewe alikuwa akisoma neno mara mbili mpaka lilete maana.

Mpemba, hata Kikae chetu, lahaja ya Makunduchi, kimepitiwa hivyohivyo, lakini hiyo ya 1928 Steere yumo kaburini miaka 46. Dk Krapf, mmishonari Mjerumani kule Mombasa, alikuwa na Kimvita chake, lahaja ya huko, angeshinda yeye tungelia Unguja nzima.

Ninachokataa mie ni lile neno moja la mtembezaji, kwamba kabla yake kilikuwa cha mdomoni. Maana likisemwa kila siku mbele ya kaburi linageuka historia, na mtoto anarudi nyumbani anamuona bibi yake mjinga. Karibu na kaburi pabandikwe majina ya waliomsimulia, yamo kwenye kitabu chake, hayatafutwi mbali, na ya wale vijana watano kila litakalopatikana. Dada, ukikubali niandikie, tuwaendee wenye kanisa pamoja, weye wakusikilize kwanza.

BINTI MBWENI:
Nakubali, ila la Swedi liwe juu. Na hizo karatasi za bibi zipige picha kabla mchwa hawajazimaliza, kaka yangu.

MTOTO WA KAE:
Zimebaki nne, dada. Kasha lilipata maji ya masika.