Tupeane uzoefu: dizeli yetu inaishia wapi njia ya Tanga?

MWANAPONGWE: Wanajamvi, habari za jioni. Jana pale Segera nilimwona kijana ameacha semi-trela ikinguruma tangu alipoagiza chakula hadi aliponawa mikono, nami nikaukumbuka mwaka wangu wa kwanza wa kubeba saruji, nilipokatwa mshahara kwa lita ambazo sikuziiba. Tajiri alihesabu kilomita peke yake; saa nilizolala kwenye foleni ya kupakia injini ikiwaka hakuzihesabu, ilhali gari la namna ile hunywa kama lita 2 hadi 3 kwa saa likiwa limesimama. Aliyewahi kuumizwa na mafuta atueleze.

BINTI MUHEZA: Mimi ndiye niliyekuwa tajiri wa namna hiyo. Nilimtuhumu dereva wa Fuso yangu ya machungwa kwa wizi, kumbe eya klina, lile chujio la hewa ya injini, ilikuwa imeziba kwa vumbi la mashambani, ndiyo maana gari lilikunywa zaidi. Nilikwenda kwake kumwomba radhi mbele ya mkewe.

MZEE WA MABAWA: Ulifanya jambo la kiungwana, mwanangu.

KIBAONI: Dawa ni mteremko. Ukitoka Soni kushuka Mombo, weka fri, yaani toa gia, gari lijiendee lenyewe.

UTINGO WA ZAMANI: Kaka, nakuomba usiwafundishe watoto wa watu jambo hilo. Tulikuwa tumepakia kabichi kutoka Lushoto, na dereva wangu, aliyeahidiwa posho kwa kila lita atakayobakiza, akaweka fri mara tu tulipoiacha Soni. Kona ya kwanza tuliipita, ya pili akakanyaga breki mara nyingi mfululizo, nikasikia harufu ya laini za breki zinazoungua na kuuona mshale wa upepo wa breki ukishuka. Alipojaribu kurudisha gia, ikakwaruza na kukataa. Upande mmoja ulikuwa korongo, upande wa pili mwamba, naye akachagua mwamba. Tulisimama mlango wake ukiwa umekunjwa na mguu wake umevunjika mara mbili. Mafuta tuliyookoa yasingejaza kidumu cha lita 5.

BINTI MUHEZA: Inna lillahi. Poleni sana.

KIBAONI: Pole, lakini kosa lilikuwa la breki. Nina miaka 20 barabarani.

FUNDI WA MAJANI MAPANA: Miaka 20 haibadilishi injini, ndugu yangu. Ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hukata dizeli. Ukiweka fri, injini inahitaji dizeli ili isizimike, na breki zinabeba uzito wote peke yake. Kwa hiyo fri haikupi hata hiyo akiba unayoitafuta. Angalia upepo wa tairi asubuhi kabla hazijapata moto, na lifunge turubai lisipigepige.

DEREVA WA HOROHORO: Mimi hupunguza upepo mchana jua likiwa kali.

FUNDI WA MAJANI MAPANA: Usifanye hivyo. Tairi laini huzidi kupata moto, na gari huwa zito kuvuta.

DEREVA WA HOROHORO: Na mwendo je? Mimi sizidi 60.

MWANAPONGWE: Kwa 60 utafika mzigo umeshapewa mwingine. Mimi hutembea 70, kwa sababu kutoka 60 hadi 80 ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Utingo, dereva yule yuko wapi sasa?

UTINGO WA ZAMANI: Yupo Korogwe, anatembea kwa fimbo. Ijumaa nikienda kumjulia hali nitamsomea maneno ya fundi.