Kondoo wenye mimba wakati wa kiangazi: nianze lini chakula cha ziada?

Mfugaji_Magu: Ndugu wafugaji, nina kondoo majike 14 wanaochungwa hapa Magu, na kila kiangazi wanakondoo huzaliwa wadogo, miguu ikitetemeka, huku mama zao wakiwa na maziwa haba. Je, nikiwapa mashudu ya pamba baada ya malisho itasaidia, na nianze lini?

Mzee_Misungwi: Anza kabla hawajazaa. Mimba ya kondoo huchukua takriban siku 150, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto hujengeka katika wiki 6 za mwisho, wakati ambapo tumbo lililobanwa na mimba halipokei nyasi kavu nyingi. Mimi huwapa kila mmoja gramu 300 za pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu kila jioni wanaporudi zizini, nikianza na kiganja kimoja kwa wiki nzima ili matumbo yazoee, na siachi hadi wanakondoo wafikishe miezi 2.

Binti_Sengerema: Shikamoo mzee, naomba kuongeza. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu inayowadhuru zaidi wachanga, kwa hiyo watengee wanakondoo uzio wenye upenyo wanaoweza kupita wao tu, uwawekee pumba na marando ya viazi vitamu yaliyonyaushwa. Madini ya ng'ombe usiwape kabisa, kwani shaba iliyomo hujilimbikiza kwenye ini la kondoo na huweza kumuua.

Mfugaji_Magu: Ahsanteni. Jiwe la madini ya ng'ombe walilokuwa wakilamba nimeliondoa zizini asubuhi hii.