Pafyumu za kupima: jina la mwingine kwenye kichupa chako ni halali?

Hoja ninayoipinga ni hii: harufu haina mwenyewe, kwa hiyo muuza pafyumu za kupima, yaani zinazomiminwa kwa kipimo kwenye vichupa vidogo, akibandika jina la kampuni ya Ufaransa kwenye kichupa chake, hajamdhulumu mtu. Nusu ya kwanza naikubali. Ya pili siikubali hata kidogo, na ushahidi wangu uko Cologne, Ujerumani.

Biashara ya akina Farina, Waitaliano waliohamia mji ule, ilianza mwaka 1709. Johann Maria Farina alitengeneza maji mepesi yenye harufu ya limau, chungwa na bergamoti (tunda la jamii ya chungwa), akayapa jina la mji: Eau de Cologne. Yaliuzwa kwenye vichupa virefu vyembamba vya kijani, ambavyo vililazwa ubavu ili kizibo kisikauke.

Yalipopendwa, waigaji wakaja. Mwaka 1803 Wilhelm Mülhens alinunua haki ya kutumia jina la Farina kutoka kwa Carlo Francesco Farina wa Bonn, mtu asiye na undugu wowote na watengenezaji wale. Kisha naye akawauzia wengine. Ni sawa na kuuziwa kiwanja na mtu ambaye si mwenye kiwanja! Mjukuu wake, Ferdinand, aliachishwa jina hilo na mahakama mwaka 1881, akashika namba ya nyumba yao, 4711, iwe jina la marashi yake.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Sheria ya alama za biashara ya Ujerumani ilitungwa 1874, nayo ilisajili picha tu. Neno tupu halikusajiliwa mpaka 1894. Akina Farina, ambao mali yao kubwa ilikuwa neno, iliwabidi waligombanie kesi kwa kesi. Na "Eau de Cologne" lenyewe liliwaponyoka, likawa jina la aina ya marashi.

Mtaniambia mnunuzi anajua fika kwamba si orijino. Anajua yeye, akiwa pale kaunta. Shangazi yangu alizawadiwa kichupa cha namna hiyo kwenye harusi, lebo yake imepigwa chapa vizuri kwa herufi za dhahabu. Akakitunza kabatini, akijipaka Idi kwa Idi, akiamini ni chenyewe. Aliyedanganywa pale ni nani, kama si yeye?

Sisemi biashara ya kupima ifungwe, inalisha watu wengi. Mwaka 1924 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Coty, kampuni ya pafyumu, dhidi ya Prestonettes, waliokuwa wakinunua pafyumu halisi za Coty na kuzigawa kwenye chupa ndogo. Ikawaruhusu waendelee, ila lebo itamke kwamba hawahusiani na Coty na kwamba wamejaza wenyewe, maneno yote yawe ya ukubwa mmoja na rangi moja. Kanuni hiyo inatekelezeka hata kwa kalamu na stika.

Panaponiumiza kichwa ni "inafanana na". Mwaka 1968 mahakama ya rufaa Marekani ilimruhusu muuzaji kutangaza kwamba pafyumu yake inalingana na Chanel No. 5, mradi hadanganyi. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya L'Oréal na Bellure, ilizikataa orodha za kulinganisha, zile zinazoonyesha pafyumu ipi ya bei nafuu inafanana na ipi maarufu. Mimi nasimama na wa 1968: aseme kwa mdomo, aandike "inafanana na", lakini jina lisikae peke yake kwenye chupa. Mnaouza za kupima, hilo litawakosesha wateja kweli?